Mashine Isiyopita Mlangoni

Mtu akiniuliza kazi yangu, najibu kwamba nina kiwanda. Sidanganyi. Kiwanda kipo, kimepigwa picha na watu wa serikali kuliko harusi yoyote ya ukoo wetu, na mashine iliyomo ndani ni ya chuma kweli, ina mota yake, mkanda wake na nyundo zake za kusagia. Kinachokosekana ni unga. Naomba nilieleze jambo hili taratibu, maana nikilieleza haraka hasira inanipanda na ninaanza kuwalaumu watu ambao hawakukosa.

Ninakaa Matongo, upande wa machimbo, na nimeolewa na mwanamke. Kwetu Wakurya hilo si jambo la kunong'ona. Mwanamke aliyefiwa na mume, na ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, anaweza kutoa ng'ombe kama mwanamume anavyotoa, akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Aliyenizalisha wanangu wawili ni mwanamume aliyekubaliwa na mama, huyo aliyenioa. Alikuwa anakuja, anakula, anaondoka, na katika mambo ya nyumba hana neno. Mwenye nyumba ni mama. Mimi namwita mama, naye mbele ya wageni huniita mke wangu, kisha hucheka peke yake mpaka meno machache yaliyobaki yanaonekana yote. Ng'ombe wake walikwenda kwa baba yangu, na kwa baba yangu walikwisha zamani, mmoja kwa ada ya shule, mwingine kwa ugonjwa, mwingine kwa matanga. Hata kama ningetaka kurudi kwetu, hakuna wa kurudisha.

Kabla yangu palikuwa na mke mwingine. Mama hamtaji. Majirani ndio walionisimulia kwamba alikuwa mwepesi wa kazi na mwepesi wa kucheka, na kwamba asubuhi moja alibeba kuku wawili, akaaga kuwa anakwenda kuwauza Sirari. Alivuka mpaka na kuku wake na hakurudi. Mimi nilipoletwa, kitu cha kwanza mama kunionyesha hakikuwa jiko wala kisima. Alinionyesha mahali pa kuweka sanduku langu la nguo, na mahali penyewe palikuwa chumbani kwake, chini ya kitanda chake. Nilidhani ni heshima, nikamshukuru.

Sitaki msomaji amwone mbaya. Nilipojifungua wa kwanza alinipikia uji wa ulezi kwa mkono wake na kukataa mtu mwingine yeyote asikoroge. Alikesha kando yangu wakati wa homa. Ila kila nilipokwenda mahali palipozidi kisima, nilimkuta kwenye kizingiti nikirudi, ameshika mkongojo, anatazama njia. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliingia ndani, basi. Nikawa mtu ambaye anakwenda sokoni mbiombio na kurudi mbiombio, na sijui ni lini niliacha kutembea kama watu wengine.

Sasa nije kwenye shirika. Serikali ina shirika lake la kuinua viwanda vidogo na biashara za watu kama sisi, na mwaka huo likafika kijijini kwetu. Afisa waliyemtuma alikuwa dada wa Tanga, mrefu, mwenye sauti ya chini, anayesema tafadhali hata kwa mbuzi aliyemzuia njia. Sisi huku tunaongea kama tunagombana hata tukiombana chumvi, kwa hiyo siku ya kwanza watu walidhani anaumwa. Alikaa ofisi ya kijiji na kuuliza wanawake tunafanya nini. Mimi nilikuwa naanika muhogo, nachanganya na ulezi, napeleka kusagisha na kuuza kwa kibaba. Akaonja ugali wa unga wangu. Akaomba tena.

Tulichaguliwa wachache kwenda kufundishwa Tarime mjini. Mama aliruhusu kwa sababu mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyekuja kuomba. Darasani tulifundishwa usafi, bei na jinsi ya kumjibu mteja bila kumfokea, somo ambalo lilichukua muda mrefu kuliko yote. Siku moja yule dada akasema, leo kila mmoja atuambie anataka nini. Mmoja alisema nyumba ya bati, mwingine ng'ombe wa maziwa. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nilikuwa sijawahi kuulizwa. Mwishowe nikasema nataka mlango wenye kufuli, na ufunguo wake niushike mimi. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, akaniambia, "Basi, mama, mlango huo upo."

Na kweli ulikuwepo. Shirika lilikuwa linajenga banda refu pale Nyamisangura, Tarime mjini, lenye vyumba vimepangana, kila kimoja kwa ajili ya mtu na kazi yake, umeme mkubwa wa mashine, bomba la maji nje. Alinipeleka kukiona changu. Kilikuwa kinanuka saruji mbichi, dirisha halina kioo, na kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuonyeshwa. Nilisimama katikati nikanyoosha mikono na sikugusa ukuta. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa. Mashine ya kusaga wananipa, lakini ni mali ya shirika mpaka itakapothibitika kwamba inafanya kazi. Chumba ni cha mwenye mashine, na lazima afanye kazi humo mwenyewe, si kumwachia kibarua. Nikafanya hesabu yangu kichwani: Jumatatu mpaka Ijumaa mjini, Ijumaa jioni narudi Matongo kwa wanangu. Wanawake wangapi wanafanya hivyo?

Tatizo lilikuwa moja, na lilionekana dogo. Mashine zilifika kabla umeme haujafika. Afisa akatuomba tafadhali tuzihifadhi nyumbani kwa muda, banda likiwa tayari atatuita. Yangu ikaletwa Matongo kwa pikapu. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, imetengenezwa kwenye karakana ya shirika lenyewe, fremu imechomelewa kipande kimoja ili isitikisike. Vijana waliishusha uani, karibu na zizi, tukaifunika turubai. Mama aliizunguka mara kadhaa. Kisha akavua kile kitambaa cha kanga anachojifunga kiunoni, akaipima mashine upande huu, akaipima upande ule, akafunga fundo kwenye kitambaa na kujifunga tena. Nilidhani anaishangaa.

Hapa lazima niseme kuhusu tegesha, kwa sababu asiyekaa karibu na mgodi hatanielewa. Ukisikia tetesi kwamba eneo fulani litachukuliwa, na wenye ardhi watathaminiwa na kulipwa fidia, unawahi. Unajenga nyumba upesi upesi, si ya kulala, ni ya kuhesabiwa. Tofali la tope, bati jembamba, msingi hakuna. Unapanda miti ikibanana mpaka mbuzi hapiti. Hiyo ndiyo tegesha. Upande wetu tetesi zilikuja, nyumba zikaota kama uyoga, na wathamini hawakuja. Wala hakuna aliyetuahidi kwamba watakuja. Tuliambiana wenyewe na tukaaminiana. Lakini aliyejenga habomoi, maana akibomoa leo wathamini watafika kesho, na atakufa kwa uchungu. Kwa hiyo tunaishi katikati ya nyumba zisizo na watu. Tunazifagia, tunazikandika mvua ikizimenya, na jioni popo wanatoka madirishani.

Katika kazi hiyo mama alikuwa bingwa. Nyumba zake zilisimama wima wakati za jirani zinalala, kwa sababu alipima mwenyewe kila kitu, kwa kamba, kwa mkongojo, kwa kitambaa chake cha kanga. Mafundi walimwogopa. Alikuwa hajui kusoma, na sikumbuki siku ambayo kipimo chake kilikosea.

Banda likiwa bado halina umeme, shirika lilituita tena, safari hii Musoma, kujifunza kufungasha unga kwenye mifuko. Nilikwenda kwa furaha, nikarudi na mifuko ya mfano na kofia. Niliposhuka kwenye bodaboda niliona nyumba mpya pale nilipoacha mashine. Wanangu walinikimbilia wakiimba kiwanda, kiwanda. Nilichungulia dirishani. Mashine ilikuwa ndani, katikati, kuta nne zimeizunguka, bati juu, na mlango mmoja mwembamba ambao hata mimi nikiwa na ndoo kichwani na nyingine mkononi ningepita kwa ubavu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona. Hii ni nini?"

"Chuma kikikaa nje wathamini wataandika chuma. Kikikaa ndani ya nyumba wataandika kiwanda. Kiwanda kina bei yake." Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa jana.

"Na mlango, mama? Mashine itatokaje?"

"Inakwenda wapi?"

Nakiri kwamba hata mimi, kwa siku chache, hoja ile iliniingia. Labda watakuja kweli. Labda wakija tutapata fidia, tutanunua mashine nyingine, tutajenga mjini. Mtu akikaa sana kati ya watu wanaosubiri, na yeye huanza kusubiri bila kuambiwa. Mlango niliuhesabu kuwa kosa la fundi, na nikamcheka kwa majirani: tazama, kamjengea mama nyumba, kasahau mashine ina tumbo.

Kisha umeme ukafika Nyamisangura. Yule dada alipiga simu akiwa na furaha. "Mama, chumba chako kiko tayari, tafadhali lete mashine." Nilimwita fundi yuleyule aliyejenga, kijana wa upande wa Sirari anayeongea Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Tulifungua mota, tukatoa mdomo wa kumwagia nafaka, tukatoa kila kilichofungwa kwa nati. Fremu ikabaki, na fremu haikupita. Tukailaza, haikupita. Tukaisimamisha kwa upande mwingine, ikakwama kwenye kizingiti. Kilichotuzuia kilikuwa chini ya upana wa kiganja.

"Wewe mura, ulijenga umelala?" nikamfokea. Darasa la kutomfokea mtu lilikuwa limeshatoka kichwani.

"Sasa mimi nimekosa wapi? Mathe ndiye alinipatia saizi ya mlango, na ile leso yake ya kiunoni. Alikuwa amefunga knoti hapo. Mimi nilijenga tu vile nimeambiwa."

Nilisikia maneno yake na sikuyasikiliza. Nani asiyejua kwamba fundi akikosea humsingizia mwenye nyumba? Nilimfukuza. Nikataka kuikata fremu kwa msumeno wa chuma, lakini ilikuwa mali ya shirika, na mali ya shirika haikatwi. Nikamwomba mama tutoe matofali machache tu pembeni mwa mlango. Akasema nyumba iliyotobolewa wathamini huipa bei ya banda la kuku. Niliomba tena kesho yake, na keshokutwa. Alikuwa hakasiriki. Alikuwa anasema hapana kwa sauti ileile anayotumia kuwaita kuku.

Afisa alikuja kujionea. Alisimama dirishani muda mrefu, mikono nyuma. Nilitegemea anigombeze. Badala yake alivuta pumzi akasema ofisini kwao kiwanda changu kimeshatajwa miongoni mwa vilivyoanzishwa, na wageni kutoka makao makuu wanataka kukitembelea, na hajui atawaambia nini. Nikamhurumia. Niligundua kwamba na yeye alikuwa amefungiwa mahali, ila pake palikuwa na kiti na feni.

Wageni walikuja. Jenereta iliazimwa kwa mwenye baa, mota ikarudishwa mahali pake, likaletwa gunia la muhogo mkavu, mashine ikaunguruma mle ndani kwa mara yake ya kwanza. Chumba kilijaa vumbi la unga mpaka sikujiona mikono. Wageni walisimama nje dirishani, suti zao zikageuka nyeupe, wakapiga makofi. Niliitwa mjasiriamali wa mfano. Mama, kwenye kitenge chake cha kanisani, aliombwa aseme neno, akasema mengi kwa Kikurya, akinionyesha kwa mkongojo. Mgeni mkubwa akaomba tafsiri. Alichosema mama ni kwamba huyu ni mke wangu, nilimtolea ng'ombe wazuri, na haendi popote. Nikawaambia anaishukuru serikali. Jenereta ikarudi baa siku hiyohiyo, na mimi nikakaa nje nakohoa unga.

Wakaja wengine, na wengine. Kila mara jenereta, gunia, makofi. Nilijifunza kutabasamu kupitia dirisha. Mtu akinitazama kwa nje aliona mwanamke ndani ya kiwanda chake. Mimi nikimtazama yeye niliona njia nyuma ya mabega yake, inayopandisha kwenda barabara kuu, na bodaboda zinapita. Nilianza kuota nakosa hewa. Nikiwa napalilia shamba la wazi kabisa, na mbingu yote juu yangu, nilikuwa nahisi kuta nne. Niliwachukia wanangu kwa dakika moja moja, kisha nikawakumbatia mpaka wakalia.

Masika yalipoanza, dada wa Tanga alikuja peke yake, bila wageni, viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope. Alikaa jikoni kwangu. Hakuzungusha maneno.

"Mama, kuna wanawake kule Mugumu wameshajenga, umeme wanao, wanasubiri mashine. Na kile chumba chako nimekizuia kadiri nilivyoweza. Kuna mtu anakitaka. Wiki ijayo siwezi tena."

"Mashine haitoki, dada. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Lakini mashine iliyolala ni mashine ya mtu mwingine. Tafadhali, nisaidie nikusaidie." Akatoa kitu mfukoni na kukiweka juu ya jiwe la kusagia. Ulikuwa ufunguo wa kufuli, mpya, bado una mafuta ya dukani. "Jumapili nitatuma pikapu. Ikirudi na mashine, chumba ni chako. Ikirudi tupu, nitaelewa."

Ufunguo ule niliuweka ndani ya sidiria, na sikuutoa hata kuoga.

Jumapili mama alikwenda misa na watoto. Nilisema tumbo linauma. Nilisubiri mpaka kitenge chake kilipopotea kwenye kona, nikaingia chumbani kwake, nikapiga magoti, nikavuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa na vumbi juu na halina vumbi kwenye mpini. Nilipanga nguo haraka. Kisha nikachukua sururu nikaenda kwenye kiwanda changu.

Ukuta wa tegesha haujui kupigana. Pigo la kwanza lilitoa tofali, la pili likatoa matatu. Nilivunja kuanzia mlangoni kwenda pembeni, na kila tofali lililoanguka nililipigia kelele, sijui nilikuwa namtukana nani. Pikapu ilipofika nilikuwa mwekundu kwa tope toka kichwani mpaka miguuni, na pengo lilikuwa pana. Dereva na utingo wake waliitazama mashine, wakanitazama mimi, wakaanza kukunja mikono ya mashati. Sanduku langu nililiweka kiti cha mbele.

Tulikuwa tumeisogeza mpaka kwenye pengo nilipomwona mama. Misa ilikuwa haijaisha. Alikuwa amesimama karibu na zizi na mkongojo wake, watoto wakiwa nyuma, mmoja ameshika kitenge chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hata siku ile aliitikia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuijibu. "Wathamini hawaji, mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa. "Hawaji. Hawajawahi kusema watakuja. Tunazikandika hizi nyumba kwa ajili ya popo."

"Najua."

"Unajua?"

"Wewe unaniona mjinga? Mwenye kuja angeshakuja." Alisogea mpaka kwenye pengo, akaweka kiganja juu ya ukingo wa ukuta niliouvunja, akaupapasa kama anavyopapasa ndama. "Mlango huu niliupima mimi."

Dereva aliacha kusukuma. Na mimi, baada ya miezi yote ile, ndipo nilipomsikia yule fundi wa Sirari. Nilikitazama kitambaa cha kanga kiunoni mwa mama, na lile fundo.

"Yule wa kwanza," mama akasema, akitazama mashine na si mimi, "nilimwachia mlango wazi."

Sikuwahi kumsikia akimtaja. Alisema kama mtu anayetoa taarifa kwamba mvua imenyesha. Hasira yangu ikawa imeshika sururu haina pa kupiga. Nikaanza kueleza. Nikasema mama, mimi si yule, mimi nakwenda kufanya kazi, siku tano tu, Ijumaa jioni niko hapa, watoto wako hapa, nitawaacha vipi. Nilieleza vizuri, kama nilivyofundishwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye pikapu, akafungua mlango wa mbele, akafungua sanduku langu. Hakutupa kitu chini. Aliinua nguo moja moja kwa vidole mpaka akafika lile gauni la kijani, lenye lesi shingoni, ambalo alinipeleka mwenyewe kushonewa kwa fundi na ambalo huwa ninalivaa siku moja tu kwa mwaka.

"Siku tano," akasema. "Na gauni la Krismasi."

Ilikuwa masika. Nilikuwa nimelipanga gauni lile bila kuwaza, kama mtu anavyochukua kila kilicho chake, na mpaka leo nikijiuliza kama kweli nilikuwa narudi Ijumaa ile, siwezi kuapa. Yeye hakuhitaji kiapo. Alilikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akalirudisha, akafunga sanduku.

"Nenda," akaniambia. "Hawa nitawapikia." Akaketi juu ya rundo la matofali niliyoyaangusha, kitenge cha kanisani na vyote, na mtoto mdogo akamkalia mapajani.

Dereva alikohoa. "Mama, tunabeba au hatubebi?"

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri sana. Sikufikiri. Nilimtazama yule mzee kwenye tope, nikahisi mwilini kitu kinajifunga ambacho sururu haikifikii, nikachukia, nikachukia kwa moyo wote, nikamwambia dereva ashushe sanduku, aende bila mashine. Nilimpa ule ufunguo ampelekee afisa. Ulikuwa na joto langu.

Dada wa Tanga alinipigia simu jioni. Hakuniuliza sababu. Alisema tafadhali nisijilaumu, na kwamba mashine ya Mugumu watatafuta nyingine, hii haina haja ya kuhama sasa hivi, maana wageni bado wanaipenda. Chumba alipewa mwanamke anayetengeneza sabuni. Nikienda Tarime mjini napita njia ya mbali ili nisione kufuli lake.

Pengo lile hatukuliziba. Sasa hata ng'ombe wawili wanapita kwa pamoja bila kugusana, na watoto wamepafanya pa kuchezea. Mama ameegesha bati kuukuu juu ya mashine isinyeshewe. Siku hizi hakai tena kizingitini nikitoka. Ameacha kabisa. Sanduku langu alinirudishia mwenyewe siku ileile, akaliburuza mpaka chumbani kwangu, akaliacha karibu na kitanda changu.

Niliishi nalo hivyo kwa muda, na niliona kwamba mama hapati usingizi. Nilimsikia usiku akigeuka, akikohoa, akiamka kwenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Kwa hiyo nikatoa lile gauni la kijani nikalitundika kwenye msumari, ukutani, mkabala na mlango. Kila jioni anapita na taa yake, anasimama kidogo, analitazama gauni kama bado lipo. Kisha anakwenda kulala, na mimi ninabaki nalo.